Nikitafuta Gari la Injini ya Miasenyi: Mafunzo Niliyopata

Ukitoka Voi kuelekea Mombasa, ukishapita Maungu unaingia Miasenyi, nchi ya ranchi na vumbi jekundu, ambako maji ndiyo habari ya kila siku. Huko, nyuma ya boma la mfugaji mmoja, kulikuwa na injini ya Ford V8 iliyokalishwa juu ya vipande vya reli kuukuu. Ilivuta maji ya silanga miaka mingi, mpaka pampu ya jua ikaistaafisha. Nani huvuta maji kwa injini ya petroli ya lita 4.7? Aliyeipata bure, bila shaka.

Broka mmoja alikuwa ameshaitungia ukoo: eti ilitoka kwenye Mercury Comet iliyokimbia Safari Rally ya 1964. Kwa ukoo huo, bei ilikuwa imepanda hadi mawinguni. Mteja wa Nairobi anayefufua magari ya Kimarekani ya miaka ya sitini akanipigia mimi, fundi wa injini hapa Voi, niikague kabla hajatoa hata shilingi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Hadithi nzuri huwa na kipande cha kweli, na hapo ndipo inapouma.

Comet zilikuja kweli. Pasaka ya 1964 Mercury, chapa ya kampuni ya Ford, ilileta timu nzima Afrika Mashariki, magari mazito yenye V8 ya inchi za ujazo 289, kuja kupambana na vigari vya Ulaya. Mshindi akawa Peter Hughes, kwa Ford Cortina GT. Katika timu ya Comet, mawili tu ndiyo yaliyomaliza. Gari likikwama porini huacha masimulizi mengi kuliko lile lililofika, kwa hiyo broka hakuwa na kazi kubwa. Na injini ya Miasenyi ilikuwa 289 kweli. Mtu angeishia hapo angelipa.

2. Tafuta tarehe kwanza.

Nilianza na mafuta ya taa na brashi ya waya, ubavuni mwa bloku juu ya stata. Grisi na vumbi vilikuwa vimegandamana vikawa gamba, nikalibandua kwa bisibisi kidogo kidogo. Zikajitokeza herufi zilizosubuliwa pamoja na chuma chenyewe: C6AE, kisha 6015. Kwa Ford, C ni miaka ya sitini na 6 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Hiyo 6015 ni namba ya kawaida ya bloku, haikuambii kitu kingine.

Karibu na hapo palikuwa na maandishi mengine: 6C14. Mwaka, mwezi, siku. Miezi huhesabiwa kwa herufi kuanzia A, hivyo C ni Machi. Bloku ilisubuliwa tarehe 14 Machi 1966. Tarakimu ya mwaka ikiwa peke yake inaweza kukuzungusha, kwa sababu 6 ni 1966 na ni 1976 pia. Ndiyo maana husomwa pamoja na ile C6.

Basi hapo Comet ya Safari ilikufa. Injini haiwezi kukimbia mashindano miaka miwili kabla ya kuzaliwa.

3. Hesabu matundu.

Broka hakukubali. Alisema bloku huenda ilibadilishwa namba, kana kwamba herufi zilizosubuliwa zinafutika kama chaki. Nikamzungusha hadi nyuma ya injini, pale inaposhikana na nyumba ya klachi. V8 ndogo za Ford za mwanzo zilikuwa na matundu matano ya bolti hapo. Kuanzia matoleo ya 1965 yakawa sita. Nikamwambia ahesabu mwenyewe kwa kidole. Akahesabu sita, akarudia, kisha akaniomba maji ya kunywa.

4. Herufi ya modeli haikutajii gari.

Hili huwachanganya hata wazoefu. Ile A katika C6AE huonyesha kwamba sehemu hiyo ilisanifiwa kwa ajili ya Ford kubwa, ukoo wa Galaxie. Lakini bloku ileile iliingia kwenye Mustang, Fairlane na nyinginezo. Atakayekuuzia “injini ya Galaxie” kwa sababu ya herufi hiyo anakuuzia herufi.

5. Usitafute namba mahali ambapo haikuwahi kugongwa.

Mteja aliendelea kunipigia: “Fundi, namba ya chesisi iko wapi kwenye bloku?” Haipo, nikamwambia, na haikupaswa kuwepo. Ni kuanzia magari ya 1968 ndipo viwanda vikubwa vya Marekani vilipozoea kugonga sehemu ya namba ya gari kwenye injini. Kabla ya hapo, kwa 289, Ford waligonga zile zenye nguvu zaidi zilizoitwa K. Za kawaida zilipewa kibati chembamba kilichobanwa na bolti ya koili, chenye ukubwa wa injini, mwaka na mwezi. Kibati hicho hung'olewa na fundi wa kwanza mwenye haraka. Hapa hakikuwepo.

Ukiona 289 ya kawaida ya 1966 yenye namba ya gari iliyogongwa vizuri, inang'aa, uliza nani aliyeigonga na lini. Kuchezea namba za injini ni kosa kisheria, na wako watu ambao wameifanya kazi.

6. Angalia injini ilikunywa maji gani.

Hapa ndipo nilipotumia muda wangu mwingi. Ubavuni mwa bloku kuna vifuniko vya duara vinavyoziba njia za maji. Kwenye gari huwa vya chuma cha kawaida, na huoza kwa kutu. Nilipovisugua hivi, vikatoa rangi ya manjano: shaba. Injini za boti hutiwa vya shaba kwa sababu ya chumvi. Bado si ushahidi kamili, maana fundi makini anaweza kuvitia hata kwenye gari. Nikang'oa kimoja. Ndani palikuwa na kutu iliyopangana tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na katikati yake gamba jeupe. Nikaligusa kwa ulimi. (Mke wangu hajui hili.) Chumvi kali.

Maji ya silanga huacha tope. Chumvi ile ilikuwa imetoka mbali na Miasenyi.

7. Makaratasi yakikosekana, waulize waliobeba.

Logbuku haikuwepo, na sasa nilijua sababu: huenda hapakuwahi kuwa na gari. Mwenye boma akamwita mzee aliyechunga hapo tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamuuliza injini ilifikaje. “Ililetwa na lori kutoka Pwani, mwanangu, na masikio yake mazito,” akasema. Masikio gani? Akanipeleka kwenye zizi la mbuzi. Lango lilikuwa limeegemezwa kipande cha chuma kinene: manifoldi ya eksozi yenye kuta mbili, na midomo miwili ya kuunganishia mipira ya maji. Gari halina haja ya eksozi inayopozwa kwa maji. Boti inayo.

8. Ujue inazunguka upande gani.

Hili ni la mafundi wenzangu. Boti zenye injini mbili mara nyingi hufungwa moja inayozunguka kinyume na nyingine. Pampu ya maji inaweza kutengenezwa ifuate upande wowote, kwa hiyo kwamba injini ilifanya kazi ranchini haithibitishi kitu. Ukiitia ya kinyume kwenye gari, giaboksi itakupa gia moja ya mbele na nyingi za kurudi nyuma. Nikaangalia stata na mpangilio wa nyaya za plagi. Ilikuwa ya upande wa kawaida.

Mteja akainunua, kwa sababu alihitaji bloku ya 289 ya 1966 kwa Mustang yake na hakujali ilianzia wapi. Alilipa bei ya chuma kizuri. Niliandika risiti: bloku ya Ford 289, Machi 1966, imetoka kwenye boti. Broka alisimama begani kwangu akiniomba niongeze neno “Comet”, hata kwa herufi ndogo.