Kuitwa Mkutanoni Hakutoshi

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na maoni ya wakaazi husikizwa kabla hayajapitishwa. Huko ndiko husemwa barabara ipi itengenezwe na zahanati ipi ipanuliwe. Asiyesikika hupangiwa na wengine. Kwa mtu mwenye ulemavu, hilo linaweza kuwa mwaka mwingine wa zahanati yenye ngazi asizoweza kupanda.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kufika mahali pa umma, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha umma kushiriki katika shughuli zake. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Hao ni takriban watu 22 katika kila 1,000.

Mbona hatuwaoni mikutanoni?

Chukua mfano wa mkutano ulioitishwa hapa Sironga. Tangazo limebandikwa ukutani. Asiyeona hawezi kulisoma. Limerudiwa kwa kipaza sauti, kiziwi hakulisikia. Ukumbi uko juu mlimani, mvua imenyesha na njia inateleza. Kiti cha magurudumu hakifiki. Nyumbani jamaa wamesema, "Wewe baki, tutakueleza." Hakuna aliyekatazwa kuja, lakini wanne wamekosa.

Tufanye nini?

1. Tangazo lipite njia zaidi ya moja: wazee wa vijiji, makanisa, redio kwa Ekegusii, na ujumbe wa simu kwa viziwi.

2. Mkutano ufanyike mahali tambarare, karibu na barabara. Penye ngazi, fundi atengeneze rampu. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, rampu iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi ya sentimita 15 yahitaji rampu ya sentimita 180. Ikiwa fupi zaidi, kiti kinaweza kupinduka.

3. Mkalimani wa lugha ya ishara aombwe mapema, na viziwi waketi mahali wanapomwona vizuri.

4. Mwulize mwenyewe, si aliyemsindikiza. Asemaye polepole apewe muda amalize.

5. Pendekezo lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Asiyeweza kufika atume maoni kwa maandishi.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni muhimu kwa anayeomba usaidizi kama vile kiti cha magurudumu. Lakini haihitajiki ili mtu atoe maoni. Kila mkaazi ana haki hiyo.

Maswali ya kujadili nyumbani au katika chama

• Ni nani kijijini kwetu ambaye hajawahi kuonekana mkutanoni? Je, tumemwuliza sababu?

• Mahali tunapokutania panafikika kwa magongo au kiti cha magurudumu?

• Mkutano ujao, ni nani atapita kwake siku mbili mapema na kupanga naye usafiri?