Kompyuta Isipoona Mfumo, Usiharakishe Kufuta Diski
Mvua za radi za Kericho na Bomet hukata umeme bila taarifa. Ukirudi, huenda kompyuta ikawaka lakini ikaandika tu kwamba haioni mfumo endeshi.

Mashine inapowashwa, programu ya ubao mkuu hukagua vifaa. Zile za zamani kisha husoma baiti 512 za mwanzo wa diski. Humo ndimo kinapoanzia kianzishi, programu ndogo inayotafuta kiini cha mfumo, kukipakia kwenye kumbukumbu na kukiachia kazi. Kipande hicho kikiharibika, kiini hakifikiwi, hata kama barua na hesabu zako za kilo za majani chai bado ziko palepale diskini.

Fundi akitaka kufuta kila kitu, mwombe kwanza anakili faili, kisha ajaribu kurekebisha kianzishi pekee.