Bao Moja na Roho Juu



Mnakumbuka Pasaka 2025? Aprili 20, Zanzibar, Simba iliifunga Stellenbosch 1-0, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wiki nzima mashabiki roho juu: bao moja litatosha kule Durban? Aprili 27 wakatoka 0-0, Simba ikatinga fainali.

Jumapili hiyohiyo tulisikia Yohane 20:19-31. Wanafunzi walishaambiwa na Maria Magdalena kwamba Bwana yu hai, bado wakajifungia kwa hofu. Yesu hakuwagombeza. Aliingia, akawapa amani, akawatuma.

Wewe unaogopa nini: matokeo, ukame, kuhamishwa? Mwambie Yesu leo. Halafu fungua mlango, kamtembelee jirani mwenye hofu kama yako.