Mgonjwa ni Yupi? Hadithi ya Ngamia na Kipimo cha Sotoka



Ijumaa moja baada ya darsa hapa Luzira, ndugu wa mwaka wa kwanza aliniuliza: Mtume (s.a.w.) amekanusha maambukizi, tena amekataza mwenye mifugo wagonjwa kuwapeleka kwa wenye wazima. Tushike lipi? Nikamjibu mbiombio kwamba la kwanza ni itikadi, la pili ni tahadhari. Imamu Nawawi ameoanisha hivyo: ugonjwa hauambukizi kwa nguvu zake wenyewe, bali kwa idhini ya Allah. Jibu ni sahihi, lakini niliruka swali gumu. Huyo mgonjwa unamtambuaje?

Ngamia wa yule bedui walikuwa na upele, na upele unaonekana. Sotoka ilikuwa na hila zaidi. Mwaka 1994 na 1995 iliua nyati na tandala wengi Tsavo, Kenya. Tandala wengine walipofuka macho. Kumbe aina ile ya kirusi iliwaumiza ng'ombe kidogo tu. Mfugaji aliwanywesha akiona mifugo yake ni mizima, na hakuwa akisema uongo.

Katika miaka hiyo ya 1990 watafiti wa Pirbright, Uingereza, walitengeneza kipimo cha haraka. Unapangusa machozi ya mnyama kwa pamba, unaichovya kwenye maji ya dawa, kisha unadondoshea matone kwenye kipimo. Ndani yake mna kingamwili zinazomnasa kirusi, na mstari hutokea baada ya dakika chache, kama kile cha malaria tunachopimwa zahanati. Sampuli bado ilihitaji kuthibitishwa maabara, lakini daktari hakukaa majuma akingoja ndipo azuie mifugo kusogezwa. (Kumpangusa nyati machozi ni kazi nyingine; kwanza alazwe kwa sindano ya usingizi!)

Mgonjwa wa mwisho kujulikana alikuwa nyati, Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa haina sotoka. Chanjo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, lakini lazima ujue pa kuipeleka.

Wanausuli wanafundisha kwamba njia ya lazima ya kutimiza wajibu nayo huwa wajibu. Kwa hiyo naona kupima kunaingia ndani ya katazo lile lile, wala hakupunguzi tawakkul.

Nilipomrudia yule ndugu na haya, akauliza tena: "Kaka, hadithi inamsemesha mwenye mifugo. Nyati hana mwenyewe. Nani atampima?"

Nikamwambia ni fardhi kifaya, nao wanyama ni umma kama sisi, Suratul An'am aya ya 38. Yeye anasomea udaktari wa mifugo. Alicheka, akaniambia basi nimemtaja yeye.