Kahawa ya Dele na Kahawa ya Chujio

Katika kliniki za shinikizo la damu na kisukari, mgonjwa anayekunywa kahawa huulizwa anakunywa vikombe vingapi kwa siku. Ni nadra kuulizwa kahawa hiyo imepikwaje. Kwa mwenye lehemu nyingi katika damu, yaani kolesteroli, swali hilo la pili lina uzito usiopungua wa lile la kwanza.

Katika vijiwe vya Tandika, Mbagala, Tandale na Mwananyamala, unga wa kahawa huchemshwa pamoja na maji, pengine na tangawizi, kisha kinywaji huwekwa katika dele lenye makaa chini yake. Hakipitishwi katika chujio; machicha huachwa yatuame yenyewe. Machicha hutuama, lakini mafuta ya kahawa hubaki yakielea katika kinywaji. Ndani ya mafuta hayo mna viambata viwili, kafestoli na kaweoli. Kafestoli hupunguza uwezo wa ini wa kugeuza lehemu kuwa nyongo, na hivyo lehemu mbaya, ile inayojikusanya katika kuta za mishipa, huongezeka katika damu.

Jambo hili lilijitokeza mbali na pwani yetu. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, walitangaza kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa na lehemu nyingi kuliko wengine. Huko nako kahawa ilizoeleka kuchemshwa bila kuchujwa. Tafiti zilizofuata zilionesha kwamba karatasi ya chujio hunasa karibu mafuta yote hayo.

Hapo ndipo birika la kioo lenye kiuno chembamba linapopata maana ya kitabibu, hata kama wengi hulinunua kwa uzuri wake. Lilibuniwa na mkemia Peter Schlumbohm, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Marekani, mwaka 1941. Matumizi yake ni mepesi. Karatasi hukunjwa kuwa pia, huwekwa mdomoni mwa birika na kulowanishwa kwa maji ya moto ili kuondoa ladha ya karatasi, kisha maji hayo humwagwa. Hutiwa gramu 30 za kahawa iliyosagwa kwa chenga, isiyo laini kama ya kijiweni, kwa nusu lita ya maji. Maji yakishachemka huachwa yatulie kidogo. Humiminwa kwanza machache tu, ya kulowesha unga. Baada ya nusu dakika hivi, yaliyobaki humiminwa polepole kwa mzunguko. Kazi yote huchukua dakika nne au tano.

Si kila nyumba ya Temeke itanunua kioo, wala hakuna ulazima. Karatasi hiyohiyo ikiwekwa katika faneli ya plastiki inayostahimili joto, juu ya chupa ya chai, hufanya kazi ileile. Chujio la waya la chai halitoshi, kwani mafuta hupenya. Kahawa ya kuyeyuka, kama ile inayotengenezwa Bukoba, nayo ina kafestoli kidogo sana.

Hata hivyo, karatasi haizuii kafeini, na buni ya robusta ya Kagera huwa na kafeini takribani mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Mjamzito, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, asizidishe miligramu 300 za kafeini kwa siku. Asimeze vidonge vya madini ya chuma kwa kahawa, kwani hupunguza ufyonzwaji wake.

Joto nalo lisisahauliwe. Mwaka 2016 wakala wa shirika hilo wa utafiti wa saratani uliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani ya umio, ugonjwa unaoonekana kwa wingi Afrika Mashariki. Kahawa yenyewe haikuwekwa humo. Kikombe kilichotoka tu katika dele hupita kiwango hicho, na hata cha birika la kioo. Kiachwe dakika kadhaa.

Kwa anayekwenda kupimwa shinikizo, kahawa isinywewe katika nusu saa inayotangulia kipimo. Aliyepitia kijiweni akielekea zahanati amweleze muuguzi, naye muuguzi amsubirishe kwenye benchi kabla ya kumfunga mkanda wa kipimo.