Mzazi, Mtoto na Acheze Nje

Mzazi wa Nsambya, mtoto anayeshinda na simu haamki kesho yake na homa, wala hutamkimbiza hospitali usiku. Madhara huja polepole: usingizi unapungua, uzito unaongezeka, macho yanashindwa kuona mbali. Kucheza nje mchana huyalinda macho hayo, kwa kuwa taa ya sebuleni haifikii hata kidogo mwanga wa jua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku. Kuanzia miaka 5 hadi 17, mwili unahitaji walau dakika 60 za kuchangamka kila siku.

Kumnyang'anya simu peke yake huleta kilio tu. Mpe maganda makavu ya mgomba na kamba. Ataviringisha makaratasi yawe kiini, atazungushia maganda tabaka kwa tabaka, atakaza. Mpira wa kwanza utakuwa na kona na utafumuka ukipigwa teke. Usimfungie wewe! Mwache aufumue, atafute ulipolegea, aufunge upya. Hapo anapima, anabuni na kurekebisha, kazi ambayo katuni inamfanyia yeye akiwa ameketi. Mpira ukishakazwa, wenzake watakuja wenyewe kucheza kwepena: wawili wanarusha kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa. Wakichoka, wachimbe mashimo 32 ya mchezo wa mweso, watafute mbegu 64. Hesabu zitakuja bila daftari.

Najua ua wa nyumba za kupanga ni mdogo na boda boda hupita karibu na mlango. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuwa la nyumba moja. Wapangaji mkubaliane saa ya jioni ambapo pikipiki zitazimwa na kusukumwa hadi ndani, na mtu mzima mmoja akae nje kwa zamu, simu yake ikiwa mfukoni. Mvua ikinyesha, watoto wasikaribie mtaro. Wakirudi ndani wanawe mikono kwa sabuni, na kampeni za dawa ya minyoo za Aprili na Oktoba zisiwapite.

Kama hamjapanga zamu, mgongee jirani mlango leo.