SOMO LA MIFUGO: Sindano ya Homoni na Hatari Zake kwa Mbwa Jike

Wafugaji wa mbwa katika Kata ya Makere, Wilaya ya Kasulu, pamoja na jirani zao wa Kibondo, wanakumbushwa kwamba sindano ya kuzuia mimba haifai kutumiwa ovyo kwa mbwa jike. Tahadhari hii inahusu hasa dawa ya medroksiprojesteroni, ambayo wanawake huchomwa kila baada ya miezi 3 kwa ajili ya uzazi wa mpango. Dawa imfaayo mwanadamu yaweza kumwua mbwa.

1. Sababu
Mbwa jike huingia joto takriban kila baada ya miezi 6 hadi 7. Joto likiisha, awe na mimba au asiwe nayo, ovari zake hutoa homoni ya projesteroni kwa muda wa miezi 2 hivi. Homoni hiyo hunenepesha ukuta wa mji wa mimba, hufunga mlango wake na hupunguza uwezo wa kupambana na bakteria. Sindano iliyotajwa hufanya kazi kama projesteroni nayo hudumu mwilini kwa muda mrefu. Kwa hiyo mji wa mimba hukosa nafasi ya kurudia hali yake.

2. Madhara
(a) Mji wa mimba huweza kujaa usaha. Hatari huzidi dawa ikitolewa wakati wa joto au mara baada yake, yaani wakati ule ule ambao wenye mbwa wengi huitafuta.
(b) Uvimbe wa matiti na ugonjwa wa kisukari huweza kutokea.
(c) Jike aliyekwisha kushika mimba huweza kuchelewa kuzaa, watoto wakafia tumboni na mama mwenyewe akapotea.

3. Dalili
Mbwa hunywa maji mengi, hukojoa mara kwa mara, hukataa chakula, hutapika na tumbo huvimba. Usaha huweza kutoka ukeni. Usipotoka, hali ni mbaya zaidi, kwani umefungiwa ndani. Apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa. Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa mji wa mimba na ovari.

4. La kufanya
Asiyetaka watoto wa mbwa amfungie jike wake ndani kwa majuma 3 hivi ya joto, mbali na madume. Atakaye kukomesha uzazi kabisa aombe upasuaji huo mapema, mbwa angali mzima.

Wanaozuia uzazi kwa kuhofia kichaa cha mbwa waelewe kuwa ugonjwa huo hukomeshwa kwa chanjo: asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa kila mwaka, maambukizo hukatika.

Watumishi wa zahanati na wauzaji wa dawa wanaombwa wasitoe sindano za binadamu kwa matumizi ya wanyama.